Ugonjwa umekwisha, maumivu yamebaki

Mwaka 1952 homa isiyojulikana ilizuka Newala, juu ya Uwanda wa Makonde, ikasambaa vijijini hadi mwaka uliofuata. Mtu aliamka mzima asubuhi, jioni hawezi kunyoosha mgongo. Maji uwandani yalikuwa ya kufuatwa mbali, kila nyumba iliyahifadhi mitungini, na mbu wakazaliana humo humo ndani. Daktari Marion Robinson aliandika dalili za wagonjwa, naye W.H.R. Lumsden, aliyetoka taasisi ya utafiti wa virusi ya Entebbe, aliandika namna ugonjwa ulivyoenea. Makala zao zilichapishwa 1955, na jina la Kimakonde, chikungunya, likaingia katika vitabu vya tiba vya dunia nzima.

Katika maelezo yale kuna jambo ambalo hadi leo halijapewa uzito linaostahili. Homa iliondoka baada ya siku chache, lakini kwa baadhi ya watu maumivu yaliendelea kwa miezi. Nusu karne baadaye virusi hivyo vilipiga Lamu mwaka 2004, vikavuka hadi Komoro, kisha kisiwa cha Réunion. Madaktari wa Réunion waliwafuatilia waliopona na kukuta kwamba kwa sehemu ya waliobaki na maumivu, tatizo halikuwa viungo peke yake. Mishipa ya fahamu yenyewe ilikuwa inauma.

Maumivu ya namna hiyo yamejaa hapa Mtwara, mkoa wenye Newala hiyo, na mengi hayana uhusiano na mbu. Yapo kwa mwenye kisukari ambaye nyayo zinamwaka moto usiku, kwa aliyepona mkanda wa jeshi lakini hawezi kuvumilia hata shati kumgusa ubavuni, kwa kijana wa bodaboda ambaye mkono ulinyofolewa mishipa begani, na kwa mzee aliyemaliza dawa za ukoma zamani lakini mguu bado unamtesa. Mikoa ya Lindi na Mtwara imetajwa miaka nenda rudi miongoni mwa ile yenye wagonjwa wengi wa ukoma nchini, kwa hiyo huyo wa mwisho si mgeni huku kwetu.

Mgonjwa wa Chuno, hapa Mtwara mjini, haanzii kliniki ya maumivu. Anaanzia duka la dawa. Tumfikirie mama anayeuza samaki. Alfajiri yuko Feri kununua, mchana yuko sokoni, jioni anarudi nyumbani miguu ikichoma kama aliyekanyaga pilipili. Si mama mmoja ninayemjua, ni wengi. Dukani anapewa diklofenaki. Wiki hiyo anasikia nafuu kidogo, labda kwa sababu na mgongo ulikuwa unamuuma, kisha moto unarudi palepale. Anaongeza kidonge. Jirani anamwambia amekanyaga kitu, aende kwa mtaalamu, na huko anachanjwa chale mguuni. Shemeji anamshauri akaumikwe. Mwanawe anasoma kwenye simu, anamletea mafuta ya kuchua. Usiku anaingiza miguu kwenye beseni la maji ya moto yenye chumvi, na hapo ndipo hatari kubwa ilipo, kwa sababu nyayo hizo hizo zinazowaka haziwezi tena kupima joto la maji. Ngozi inaungua bila yeye kujua. Asubuhi kuna lengelenge, baada ya wiki kuna kidonda, na kidonda cha mguu wenye kisukari kimewapeleka wengi chumba cha upasuaji wakatoka na mguu mmoja.

Simlaumu hata kidogo. Kila aliyemshauri alitaka apone. Ila katika msururu wote huo hakuna aliyemuuliza maumivu yake yakoje.

Swali hilo si la adabu tu, ni kipimo. Mwaka 2005 madaktari wa Ufaransa walichapisha hojaji fupi inayoitwa DN4, na leo inatumika sehemu nyingi duniani. Ina mambo kumi. Saba ni ya kumuuliza mgonjwa: je, panachoma kama moto, ni baridi inayouma, inapiga kama shoti ya umeme, kuna kutekenywa kama wadudu wanatembea, kuna kuchomwachomwa kama sindano, pana ganzi, panawasha? Matatu ni ya kuangalia kwa mkono: kugusa taratibu, kuchoma kidogo kwa ncha, na kupitisha brashi au pamba ili kuona kama mguso mwepesi unaleta maumivu. Yakijibiwa ndiyo manne au zaidi, daktari ana sababu nzuri ya kuamini kwamba hayo ni maumivu ya mishipa ya fahamu. Hakuna mashine. Hakuna kinachohitaji umeme wala kusubiri kibali. Zahanati yoyote yenye pamba na muda wa dakika tano inaweza kufanya.

Nasisitiza hili kwa sababu nimesikia mara nyingi mtu akisema alipigwa picha ya eksirei, akaambiwa yuko sawa, akarudi nyumbani na aibu. Eksirei inaonyesha mifupa. Mishipa ya fahamu haionekani humo, na nyuzi zile nyembamba kabisa zinazobeba maumivu na joto hazionekani hata kwenye kipimo cha kawaida cha kasi ya mishipa kinachofanywa hospitali kubwa. Picha ikiwa safi, maana yake ni kwamba mfupa ni mzima. Haimaanishi kwamba mama anadeka.

Kinachotokea mwilini hakilingani na maumivu ya jino au ya kuteguka. Pale kuna jeraha, na mishipa inapeleka habari zake. Huku mshipa wenyewe ndio ulioharibika, na unapeleka habari ya moto wakati hakuna moto. Uti wa mgongo na ubongo, vikipokea habari hizo usiku na mchana, navyo hubadilika na kuzidi kuwa vyepesi kushtuka. Ndiyo maana shuka inauma. Ndiyo maana pia diklofenaki, ambayo kazi yake ni kutuliza uvimbe, haina cha kutuliza hapo. Ikinywewa miezi na miezi huweza kutoboa tumbo na kuchosha figo, na figo za mwenye kisukari tayari zina mzigo wake.

Kisukari chenyewe ndicho chanzo cha kwanza cha kutafutwa. Utafiti wa kitaifa wa 2012 ulikikuta kwa takriban asilimia 9 ya Watanzania wenye umri wa miaka 25 hadi 64, na katika miaka ya kuishi nacho hadi nusu ya wagonjwa huharibika mishipa ya fahamu. Wapo wanaojua kwamba wana kisukari kupitia miguu yao, kabla hata hawajapimwa damu. Dawa nazo zina mchango. ARV za bure zilipoanza nchini mwaka 2004, stavudini ilikuwa miongoni mwa dawa za kwanza kutumika. Iliokoa maisha ya watu wengi sana, lakini ilichoma mishipa ya miguu, na mwishoni mwa 2009 Shirika la Afya Duniani lilizitaka nchi ziiache hatua kwa hatua. Waliotumia dawa hiyo wakati ule na miguu ikabaki kuuma wapo hadi leo, na wanastahili kuulizwa habari za miguu hiyo kila wanapofika CTC, kliniki ya wanaoishi na VVU. Isoniazidi ya kifua kikuu nayo huharibu mishipa ikinywewa bila vitamini B6. Anayepewa isoniazidi ahakikishe anaondoka na vyote viwili.

Chakula kimo pia, na hapa pwani yetu ina historia inayouma. Kuanzia mwaka 1988 madaktari wa Dar es Salaam walianza kupokea vijana waliopoteza uwezo wa kuona vizuri macho yote mawili, na wengi wao walikuwa na miguu inayowaka moto. Ugonjwa huo ulifanana sana na ule uliowapata maelfu ya watu wa Cuba mwanzoni mwa miaka ya 1990, na watafiti waliuhusisha na lishe yenye upungufu wa vitamini za kundi B. Mkoani Mtwara kwenyewe, mwaka 2002 na 2003, kulizuka konzo, ugonjwa unaokakamaza miguu ghafla na usiondoke tena, kwa watu waliokula muhogo mchungu usioondolewa sumu vizuri katika kipindi ambacho hawakuwa na kitoweo cha maana. Konzo si ugonjwa wa maumivu, ni wa kulemaa. Nautaja kwa sababu daktari wa mishipa ya fahamu akikuuliza unakula nini na unaloweka muhogo siku ngapi, ana sababu ya kuuliza.

Sasa, kliniki ya maumivu ni kitu gani hasa? Wazo hilo lina mwenyewe. John Bonica alizaliwa mwaka 1917 katika kisiwa kidogo cha Italia kiitwacho Filicudi, akapelekwa Marekani akiwa mtoto, akalipia masomo yake ya udaktari kwa kupigana mieleka ya malipo. Wakati wa Vita vya Pili alikuwa daktari wa usingizi katika hospitali ya jeshi karibu na Tacoma, na mikononi mwake walipita askari ambao vidonda vimefunga lakini hawalali kwa maumivu. Alitafuta majibu vitabuni, hakuyapata. Akawa anawaita wenzake, wa mishipa ya fahamu, wa mifupa, wa magonjwa ya akili, wakae pamoja wamzungumzie mgonjwa mmoja hadi waelewane. Mwaka 1953 alichapisha kitabu kinene juu ya tiba ya maumivu, na mwanzoni mwa miaka ya 1960, katika Chuo Kikuu cha Washington mjini Seattle, yeye, mpasuaji Lowell White na muuguzi Dorothy Crowley waliendesha kliniki ambayo dunia imeiga hadi leo. Bonica mwenyewe aliishi na maumivu makali hadi kifo chake mwaka 1994, kwa sababu ya mwili uliovunjwavunjwa na mieleka.

Jengo halikuwa kiini cha kazi yake. Aliwakalisha watu tofauti meza moja. Na hapa ndipo ninapoona nafasi ya Mtwara. Tuna Ligula, hospitali ya rufaa ya mkoa. Tuna Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mitengo, iliyoanza kutoa huduma mwaka 2021 kwa ajili ya Mtwara, Lindi na Ruvuma. Ukishika barabara ya Masasi kuna Ndanda ya Wabenediktini. Upande wa Lindi kuna Nyangao. Hospitali ya kiwango hicho kwa kawaida ina daktari wa magonjwa ya ndani, mtaalamu wa usingizi, fiziotherapia, kitengo cha afya ya akili na mfamasia. Hao ndio watu wa Bonica. Kinachokosekana ni siku moja katika wiki ambapo faili la mgonjwa mwenye maumivu linapita mikononi mwao wote.

Wala hatuanzi kujifunza leo namna ya kumlea mgonjwa wa miaka mingi. CTC imetufundisha: kadi, tarehe ya kurudi, mtu anayepiga simu usipofika, kidonge kinachohesabiwa. Kliniki za kisukari zina siku zao. Kuongeza pale maswali saba na pamba, na kumpa muuguzi mwenye mafunzo mamlaka ya kuanza tiba, si jambo la ajabu katika ukanda huu. Uganda mwaka 2004 iliruhusu kisheria wauguzi waliosomea tiba shufaa kuandika mofini, baada ya Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa na Anne Merriman mwaka 1993, kuonyesha kwamba mofini ya maji inaweza kutolewa kwa usalama hata nyumbani kwa mgonjwa kijijini. Maumivu ya mishipa ya fahamu hayaanzi kutibiwa kwa mofini. Dawa yake ya kwanza, kwa dozi ndogo, ina hatari ndogo kuliko mofini na bei yake ni ya chini. Ikiwa jirani zetu waliweza lile gumu, hili jepesi haliwezi kutushinda.

Dawa hiyo ni amitriptilini. Ilitengenezwa kwa ajili ya sonona mwanzoni mwa miaka ya 1960, na hapo ndipo inapowakwaza wagonjwa wengi. Mama anapewa kidonge, anafika nyumbani, mjukuu aliye chuoni anasoma karatasi ya ndani ya pakiti: dawa ya magonjwa ya akili. Mama anakiweka kabatini na harudi tena hospitali. Daktari aliyetumia dakika moja kueleza angemwokoa: kwamba kwa dozi ndogo dawa hiyo hutuliza mishipa inayopiga kelele, hata kwa mtu ambaye moyo wake hauna huzuni yoyote. Mazungumzo yanaweza kuwa mafupi kabisa.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu.”

“Mama, hiki utameza usiku, muda wa saa mbili kabla ya kulala. Kitakukausha mdomo na asubuhi za mwanzo utaamka na usingizi. Ukitaka kwenda msalani usiku, kaa kwanza kitandani ndipo usimame. Usikiache kabla ya wiki nne, hakifanyi kazi siku ya kwanza.”

Huanzia kwenye miligramu 10 au nusu ya kidonge cha 25, kisha hupandishwa taratibu. Mwenye ugonjwa wa moyo, mzee ambaye mkojo unatoka kwa shida kwa sababu ya tezi dume, au mwenye presha ya macho, aseme kabla ya kupewa, maana kwao inaweza kudhuru. Isipofaa kuna gabapentini, pregabalini na duloksetini. Maumivu ya shoti usoni, yale yanayopiga ukitafuna au ukinawa uso, yana dawa yake, karbamazepini, nayo ikileta vipele au vidonda mdomoni iachwe mara moja na mgonjwa akimbizwe hospitali.

Mgonjwa aambiwe ukweli mwingine pia, kwa sababu matumaini yaliyozidishwa ndiyo yanayomrudisha kwa waganga. Mwaka 2015 jarida la Lancet Neurology lilichapisha uchambuzi mkubwa wa tiba hizi. Kwa dawa za kundi la amitriptilini, katika kila wagonjwa wanne hivi, mmoja alipata nafuu ya nusu au zaidi ambayo asingeipata kwa kidonge kitupu. Kwa gabapentini ilikuwa mmoja katika kila sita. Hesabu hiyo inakatisha tamaa ukitarajia maumivu yafutike. Lakini mtu aliyekuwa halali, akapata saa tano za usingizi, akarudi Feri alfajiri akiwa na nguvu ya kubeba ndoo yake, amepata kitu kikubwa, na daktari mwenye subira atambadilishia dawa ya kwanza isipomfaa.

Dawa peke yake haitoshi. Kutembea kila siku kunasaidia, mazoezi ya fiziotherapia yanasaidia, sukari iliyoshikwa inazuia mishipa iliyobaki isife. Mguu wenye ganzi ukaguliwe kila jioni, nyayo na katikati ya vidole, kwa kioo au kwa macho ya mtoto wa nyumbani. Maji ya kuogea yapimwe kwa kiwiko. Kiatu kikung’utwe kabla ya kuvaliwa. Kandambili zisivuliwe kwenye mchanga wa adhuhuri, na anayekwenda msikitini mchana asitembee peku uani kwenye sakafu iliyopata jua. Profesa Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam ametumia miaka mingi kuwafundisha madaktari na wauguzi mambo haya yanayoonekana madogo, kupitia mpango wa mguu wa kisukari ulioanza mwanzoni mwa miaka ya 2000 Tanzania na Asia ya Kusini, na miguu mingi iko salama kwa sababu yake.

Yapo ambayo hayasubiri siku ya kliniki. Maumivu ya mgongo yanayoambatana na ganzi sehemu za siri, mkojo kuziba au kutoka wenyewe, au miguu kulegea, ni ya kwenda hospitali saa hiyo hiyo. Aliyetibiwa ukoma akisikia mshipa wa kiwiko au wa goti umeanza kuuma upya, au mkono umepoteza nguvu, aende siku hiyo hiyo. Inaweza kuwa mwili unapambana na mabaki ya vimelea, na prednisoloni ikianzwa mapema huokoa mshipa. Miezi sita ikipita uwezekano huo unapungua sana. Mkanda wa jeshi ukitokea karibu na jicho, hali ni hiyo hiyo. Najua wengi wetu tunasubiri fedha za mnada wa korosho ndipo tuende hospitali. Haya yaliyotajwa hayangoji msimu.

Kwa mengine, anza zahanati au kituo cha afya kilicho karibu nawe, na ujiandae. Weka kwenye mfuko dawa zote unazotumia, pamoja na za mitishamba, bila kuficha. Andika, au mwombe mtoto akuandikie: maumivu yalianza lini, yanazidi saa ngapi, unalala saa ngapi, ni kazi gani umeshindwa kuifanya. Usiseme tu “miguu inauma”. Sema inachoma, inapiga shoti, ina ganzi, shuka inaniumiza. Omba upimwe sukari. Ukiambiwa vipimo viko sawa, uliza: basi maumivu haya tunayatibu vipi? Ni haki yako kuuliza. Tangu Januari 2022 orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani inayatambua maumivu sugu kama ugonjwa wenye namba yake, hata pale chanzo hakijaonekana.

Dar es Salaam iko kilomita 560 hivi, na wapo wachache wanaohitaji kufika. Kijana wa bodaboda ambaye mkono wake umelegea tangu ajali asikae nyumbani mwaka mzima akichuliwa; mishipa iliyokatika begani ina muda wa kuunganishwa, na wapasuaji wa kazi hiyo wako MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili. Wengine ni wale wa shoti za usoni zisizosikia dawa, na wale ambao picha imeonyesha kitu kinachobana uti wa mgongo. Kabla ya kukata tiketi ya basi, chukua barua ya rufaa kutoka Ligula au Mitengo, iandikwe dawa ulizokwisha kutumia, dozi zake na muda wa kila moja. Bima hutaka barua hiyo, na daktari atakayekupokea hataanza upya na diklofenaki.